Mama wa Kitabu na Mkono Wake

Siku ya kuniaga mlinipa kipaza sauti, nacho kikazima kabla sijafika "wapendwa walimu". Wengi walisema ni umeme. Mimi niliufuata waya kwa macho nikaona umechomolewa na mtu aliyekuwa na haraka ya pilau. Simlaumu. Ila niliyotaka kuwaambia walimu wenzangu vijana hayakusemwa, kwa hiyo nayaandika. Karatasi haichomolewi.

Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili, na kimoja kilikuwa cha kutunza funguo za choo. Mshahara nao niuache ulipo, usije ukaona aibu. Nitasema kazi. Na kitu cha kwanza katika kazi ya nasari, waniwie radhi waliowafundisha chuoni, si upendo. Upendo huja wenyewe, hata kwa mtoto aliyekutemea uji. Cha kwanza ni shaka. Mwalimu asiyeshuku hufunga siku na watoto pungufu na viatu pungufu, halafu watu wanamsifu kwamba ana roho nzuri.

Mimi shaka nilizaliwa nayo, lakini aliyeninolea ni Bi. Rehema. Nilianza kazi miaka ya sabini, mwanzoni mwanzoni, watoto wangu wakiwa tayari shule ya msingi, katika ukumbi wa mtaa mmoja kando ya Jogoo Road. Asubuhi ukumbi ulikuwa nasari, jioni ulikuwa wa ndondi, Jumapili ulikuwa kanisa. Bi. Rehema, aliyekuwa mwalimu pekee kabla sijafika, alikuwa mama mrefu wa Pumwani, leso kiunoni juu ya gauni la kazi, na alizungumza polepole kama mtu anayerudisha chenji.

"Mwanangu, unajua kuhesabu?"

"Najua, Bi. Rehema."

"Wahesabu hawa."

Nikahesabu vichwa, nikampa jibu.

"Sasa hesabu viatu."

Nikahesabu. Havikulingana na vichwa kwa hesabu yoyote niliyofunzwa.

"Basi ndiyo kazi," akasema. "Vichwa mara mbili, viatu mara mbili. Asubuhi, na baada ya uji. Mtoto akipotea utalia. Kiatu kikipotea mama yake atakuja hapa, na utatamani kupotea wewe."

Vifaa vyetu vilikuwa vibao, chaki tulizozivunja nusu ili zionekane nyingi, sufuria kubwa, vikombe vya plastiki, na vifuniko vya soda vya kufundishia hesabu. Vifuniko vihesabiwe kabla na baada. Vikipungua, usipoteze muda chini ya mikeka. Tazama midomoni, kisha puani. Maziwa ya uji niliyapima kwa ukucha: unadondosha tone, likitulia ni maziwa, likikimbia basi muuzaji alipitia bombani kwanza.

"Mwalimu, wewe ungefaa polisi," muuza maziwa aliniambia siku moja, tone lake likiwa limefika kwenye kiwiko changu.

"Polisi hawaamki mapema hivi," nikamjibu, nikamrudishia mkebe.

Saa ya uji ndiyo ilikuwa vita. Watoto waliisikia harufu kabla hata unga haujaiva, na kila mmoja alishuku kwamba sufuria itaishia kwa mwenzake. Walisukumana, walimwaga, walilia. Bi. Rehema aliwatuliza kwa macho tu. Mimi macho yangu hayakuwa yamekomaa.

"Kwenu mlikuwa wangapi?" akaniuliza, tukipangusa sakafu.

"Saba."

"Mama yenu aliwangojeshaje?"

Ndipo nikakumbuka. Mama alituimbia. Kule kwetu Machakos alikaa na chungu mbele yake na kata mkononi, ile kata ya kibuyu yenye mpini mrefu, akaimba, na sisi tukajibu. Siku ya pili yake nilisimama mbele ya ile sufuria nikauimba wimbo wa mama, maneno nikiyageuza kutoka Kikamba papo hapo:

Uji uji, poa poa,
upepo njoo upulize.
Kata hii ya nani?

Watoto wanajibu: "Ya aliyechota maji!" Mama anatoa kata. Anaimba tena, na jibu linabadilika. Ya aliyefukuza kuku. Ya aliyesingiziwa. Ya aliyelia bila sababu. Kila mtu ana kata yake, hakuna anayerukwa. Utoto wangu wote mimi nilikuwa yule aliyelia bila sababu, na uji wangu ulikuwa sawa na wa wengine. Mwisho kabisa mama anauliza kata ya mwisho ni ya nani, watoto wanasema "Ya mama!", naye anainamisha chungu kuonyesha kwamba imebaki ya kulamba tu, na wote wanacheka.

Ule wimbo ulinifanyia kazi kuliko cheti chochote. Mtoto aliyesikia kwamba hata aliyelia bila sababu anafikiwa, hana haja ya kusukuma. Uliimbwa kila asubuhi, miaka ikapita, Bi. Rehema akazeeka na mimi macho yangu yakakomaa.

Kasoro ilikuwa moja. Watoto wa mtaa hawakuijua kata. Kwao chakula kilitoka kwa kikombe au mwiko. Nilipowaambia waichore, mmoja alichora simu na mwingine akachora mkia. Tena nilipougua, mwalimu wa muda aliyeletwa hakuujua wimbo, akajaribu filimbi, na nasikia uji ulifika mpaka kwenye jukwaa la ndondi.

"Uweke kwenye kitabu," Bi. Rehema akasema mwaka aliokuwa akistaafu. "Kitabu cha picha. Mimi naondoka, wewe utaondoka. Watoto hawaishi kuja."

Nilipeleka maneno kwa kampuni moja ya vitabu mjini. Wakaniuliza yatamfundisha mtoto nini. Nikasema kungoja uji. Wakasema watanipigia simu. Sikuwa na simu, nao walilijua hilo.

Basi nikaenda kwa Mutiso. Mutiso alikuwa mchongaji wa vinyago pale Shauri Moyo, mtu wa upande wa kwetu, bingwa wa ndovu na vifaru wa watalii. Nilitaka anichongee picha kwenye mbao bapa, mbao zipakwe wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kuchonga maji.

"Dada, hiyo ni kazi ya mihuri."

"Ni kazi ya ndovu aliyelala chali. Chonga mama, chonga kata, chonga watoto."

"Na uso wa mama uwe wa nani?"

"Uwe wa mtu asiyenunulika kwa maneno matamu."

"Basi ni wako," akasema, akachukua patasi.

Tulipatana: yeye atachonga, na mimi nitafundisha watoto wake pacha mwaka mzima. Hapo alidhani amenipunja. Hakuwa amekaa na pacha wake darasani.

Uchapaji ulifanywa na Mzee Karanja, mwenye kiwanda kidogo cha kadi za harusi karibu na River Road. Maneno aliyapanga kwa herufi zake za risasi, picha akapiga kwa mbao za Mutiso, karatasi zikawa mabaki ya kalenda. Kwa malipo nilimletea kazi ya kadi za ripoti kutoka nasari zote za upande wetu. Nilisimama pale mashine ikizunguka. Nilihesabu kurasa mara mbili na nakala mara mbili, nikanusa wino, nikabeba mzigo nikiwa nashuku kila mtu aliyeutazama barabarani.

Sasa niwatambulishe kwa Talaso. Alikuwa mtoto wa kike wa familia moja iliyotoka upande wa Marsabit. Baba yake alifanya biashara ya mbuzi pale Kiamaiko. Tangu aletwe kwangu hakuwa amesema neno darasani isipokuwa jina lake. Nilimshuku mapema. Alikaa kwa kuegemea upande mmoja, kama anayeficha kitu chini ya paja, nikajua ni vifuniko vyangu vya soda. Siku moja nikamwinua ghafla. Mkeka ulikuwa mtupu. Alikuwa anakalia mkono wake wa kushoto.

"Nani amekwambia ukae hivyo?"

Akanong'ona, "Bibi."

Chaki aliishika kwa mkono wa kulia kama anayeshika mjusi. Ukiangalia pembeni, chaki inahama. Mwongozo tuliopewa enzi hizo ulikuwa wazi: ikihamia kushoto, irudishe kulia. Nilikuwa nimerudisha mara nyingi. Ilikuwa inanisubiri nigeuke tu.

Asubuhi ya kitabu nilikaa kwenye kiti kifupi, watoto wakanizunguka, nikafungua ukurasa wa kwanza. Wakaiona kata. "Aaa, kumbe ndiyo hii!" Tukaimba. Kata hii ya nani? Ya aliyechota maji! Ukurasa wa pili, aliyefukuza kuku. Katikati ya ukurasa wa tatu Talaso akasimama, akaja mpaka kwenye kitabu, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia:

"Mwalimu, mama anatoa na huu."

Akautoa mkono wake wa kushoto hadharani, akauweka juu ya mkono wa mama wa kitabu.

Nikatazama. Kweli. Nikarudi ukurasa wa kwanza, kushoto. Nikakimbilia wa mwisho, kushoto. Kitabu kizima mama anawapa watoto chakula kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo katika mitaa yetu hulifanyi hata ukiwa umevunjika wa kulia. Utaomba radhi kwanza. Talaso alikuwa anacheka.

Jioni hiyo hiyo nilikuwa Shauri Moyo, nikiwa na uhakika kwamba Mutiso amenifanyia makusudi kwa sababu ya pacha.

"Mimi?" akafoka. "Ngoja." Akachomoa zile mbao kutoka chini ya benchi, maana Karanja alikuwa amemrudishia. "Haya, tazama mwenyewe, dada. Mkono gani?"

Kwenye mbao mama alikuwa ameshika kata kwa mkono wa kulia.

"Basi ni Karanja," nikasema. "Amebadilisha."

"Abadilishe vipi, ana patasi?"

Mutiso akachukua rangi ya viatu, akapaka ubao, akaugandamiza juu ya gazeti kuukuu, akaubandua. Tukainama pamoja. Kwenye gazeti mama alikuwa wa kushoto. Akapiga tena. Kushoto tena. Akakaa chini kwenye vumbi la mbao.

"Amehama," akasema. "Dada, miaka yote hii nachonga ndovu. Ndovu hahami."

Wachonga mihuri wa mjini wote wanajua kwamba picha hugeuka ikichapwa. Karanja alijua pia, lakini yeye alikuwa anaangalia herufi zake. Mutiso aliangalia mti. Mimi niliangalia idadi. Mikono hakuna aliyeihesabu.

"Nitachonga upya," Mutiso akasema. "Ila nipe muda. Nina vifaru wa watu."

Muda sikuwa nao. Asubuhi iliyofuata Baba Talaso alikuwa mlangoni pa ukumbi kabla ya sufuria, mtu mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote.

"Asalaam aleikum, mwalimu."

"Waaleikum salaam, Baba Talaso. Karibu ndani."

"Sikaribii. Nitasema nikiwa hapa hapa. Jana mtoto amekula na mkono wa kushoto mbele ya bibi yake. Bibi akauliza, nani amekufunza? Akasema, mama wa kitabu."

"Ni kosa la kuchapa. Picha iligeuka."

"Kosa moja naelewa. Kila ukurasa?"

Ningekuwa yeye, ningeuliza hilo hilo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

"Na huo wimbo si ni wa kwenu?" akaendelea. "Labda kwenu ni sawa."

"Ni wa kwetu, na kwetu pia si sawa. Mama yangu akiiona picha hii atanichapa, na umri nilio nao."

Hakucheka. "Mimi si mtu wa maneno mengi, mwalimu. Kitabu kikibaki hapa, Talaso haji. Na si yeye peke yake. Wazazi tumeongea."

"Wangapi?"

"Wa kutosha."

Mfanyabiashara wa mbuzi hasemi idadi kabla ya kuona uso wako. Nilimheshimu kwa hilo, lakini nililala vibaya. Nilimshuku muuza maziwa kwamba ndiye aliyewachochea. Nikamshuku mkufunzi wa ndondi, aliyekuwa akiutamani ukumbi wetu wa asubuhi. Nilipomaliza kushuku watu, lilibaki jambo lenyewe, na halikuwa na mtu wa kusingizia. Kitabu nikikificha, Talaso atarudi kuukalia mkono wake na kinywa kitajifunga. Mwakani aende darasa la kwanza akiwa bubu. Nikikiacha, hatakuja kabisa. Siku mbili hakuja. Watoto walipofika kwenye ukurasa wa tatu walitazama mahali pake kwenye mkeka.

Mimi kwenye bei huwa siendi kupatana bila kwanza kuiona bidhaa ya mwenzangu. Nikatia ubao mmoja wa Mutiso kwenye kiondo, nikapita mtaa wa Huruma kwa miguu mpaka Kiamaiko. Pale sikwenda moja kwa moja. Nikajifanya mnunuzi, nikauliza bei ya matumbo nisiyoyataka, nikayakataa, nikasogea kibanda kwa kibanda mpaka nikamwona. Alikuwa amevua koti, ameinama, anachuna mbuzi aliyening'inizwa. Ngozi ilikuwa ikiteremka kama shuka inayotolewa kitandani. Sijaona mkono mwepesi hivyo.

Nikaangalia vizuri. Nikaangalia mara ya pili, kama kawaida yangu.

"Baba Talaso," nikasema, "kisu hicho kiko mkono gani?"

Akageuka. Akanitazama mimi, akatazama kisu, akatazama tena mimi.

"Kisu si chakula, mwalimu."

"Sijasema ni chakula. Nimeuliza mkono."

Wachunaji wa jirani walikuwa wamenyamaza kwa namna ya watu wanaosikiliza kwa bidii. Mmoja akasema, "Jibu mwalimu, bana, ama tukujibie?" Wakacheka. Yeye akapangusa kisu taratibu.

"Nilipokuwa mdogo walinifunga mkono huu na kamba ya mbuzi mpaka nikajua kula na ule mwingine," akasema kwa sauti ya chini. "Walifanya vizuri. Nakula na watu, sitengwi. Kuchuna hakuna aliyenifunza. Hapo mkono ulijichagua."

"Kamba ilikaa muda gani?"

Akaniita nyuma ya kibanda, penye birika la chai juu ya makaa, akanipa kigoda. Nikaona hiyo ndiyo karibu aliyonikatalia, nikakaa kabla hajabadili nia.

Nikatoa ubao. "Huyu ni mama wa kitabu, kabla ya kuchapwa. Anatumia mkono gani?"

"Wa kulia." Akaugeuza nyuma kuona kama kuna ujanja. "Umechonga mwingine jana."

"Ningechonga mwingine ningekuja na mikono iliyokatika. Una karatasi?"

Alikuwa na karatasi ya kufungia nyama. Wino hatukuwa nao, kwa hiyo nikatumia masizi ya birika yaliyolainishwa kwa mafuta kidogo, nikapaka. Nikamwambia agandamize yeye mwenyewe, kwa maana mtu hashuku vizuri kazi ya mikono yake. Akagandamiza, akabandua. Akatazama karatasi. Akatazama ubao. Akaweka mkono wake wa kulia juu ya mmoja na wa kushoto juu ya mwingine, akakaa hivyo mpaka birika likaanza kuchemka.

"Ni mama yule yule," akasema.

"Yule yule."

"Choma kile kitabu, mwalimu, utoe kipya. Mtoto nitamleta."

Hapo tukaanza kupatana, na sitaki kujisifu, lakini nimewahi kununua kabati pale Gikomba na haikuwa ngumu hivi. Yeye alitaka kitabu kitoke leo. Mimi nilitaka kikae mpaka kipya kije. Yeye alitaka mtoto arudishiwe chaki mkono wa kulia. Mimi nilisema chaki si chakula. Aliniangalia kwa jicho baya, maana hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe.

"Chakula kwa kulia," nikasema. "Nitamsimamia mwenyewe, kila kikombe. Kuandika na kuchora, mkono ujichague."

"Na bibi yake?"

"Bibi yake hamwoni akiandika. Anamwona akila."

Akawaza. "Na yule mama wa kitabu? Anaendelea tu kukosea mbele ya watoto?"

"Watamsahihisha."

"Nani? Wewe?"

"Talaso."

Akacheka kidogo kupitia puani, kama mtu aliyetajiwa bei ya kichekesho. "Talaso hasemi."

"Kwangu alisema."

Akamimina chai, akanisogezea kikombe kwa mkono wa kulia, akiwa ananitazama kama ninauona. Niliuona. "Nitakuja kusikia mwenyewe," akasema. "Siamini maneno ya mtu aliyeulizia matumbo kwa majirani wote na hakununua."

Kumbe alikuwa ameniona tangu mwanzo.

Alikuja na Talaso asubuhi iliyofuata, akasimama ukutani, mikono amekunja. Nyuma yake walikuwepo wazazi wengine, na nikawahesabu: walikuwa wachache kuliko "wa kutosha". Muuza maziwa naye alijikuta ana shughuli pale. Nikamwita Talaso pembeni, nikamwambia mama wa kitabu ni mama mzuri ila hukosea mkono wa kutolea chakula, na mimi siwezi kumwambia kwa kuwa mikono yangu imeshika kitabu. Akanitazama. Nikakaa kwenye kiti kifupi, nikafungua ukurasa wa kwanza.

Uji uji, poa poa, upepo njoo upulize. Kata hii ya nani?

"Ya aliyechota maji!"

Nikasubiri. Kimya. Nikafungua ukurasa wa pili. Ya aliyefukuza kuku! Baba yake akakohoa. Ukurasa wa tatu, kata ya aliyesingiziwa, nikaushikilia wazi kuliko ilivyohitajika, mpaka mtoto mmoja akauliza kama mwalimu amelala.

"Mama," Talaso akasema. Kisha akasimama. "Mama! Mkono!"

Nikashtuka kama aliyefumaniwa. "Ha! Mkono? Upi tena?"

"Wa chakula! Ule mwingine!"

"Jamani nisameheni," nikasema kwa sauti ya mama wa kitabu, nikajifanya kuhamisha kata. Darasa likaanguka kwa kicheko. Ukurasa wa nne hakungoja. Wa tano darasa zima lilikuwa naye, "Mkono, mama! Mkono!", na wanampungia ule sahihi, na mama anaomba radhi, na anafungua ukurasa mwingine na kukosea tena. Muuza maziwa alikuwa anapiga kelele kuliko watoto. Tulipofika mwisho, Talaso alikunywa uji kwa kulia, akiwa amesimamiwa nami kama nilivyoahidi, kisha akachukua chaki kwa kushoto na kuchora kata. Haikufanana na simu wala mkia.

Baba yake alingoja mpaka kelele zipungue, akanisogelea.

"Mwalimu, huyo mama haelewi?" akasema. "Kila ukurasa?"

Lakini safari hii aliuliza huku akiuma mdomo ili asicheke.

Mutiso alimaliza vifaru wa watu, akachonga mbao mpya, kinyume kama inavyotakiwa, na Karanja akachapa. Kitabu kilitoka safi, kila mkono mahali pake. Niliwasomea watoto. Waliimba vizuri, wakanywa uji, na hakuna aliyesimama. "Huyu mama anajua kila kitu," mmoja akalalamika. "Lete yule wetu." Vipya tukawagawia wazazi. Vya zamani vilitumika mpaka vikaachana na uzi, na kilichobaki kiko kwenye kabati la kushoto, rafu ya juu, ndani ya mfuko wa unga. Mkikitumia, msiwaambie watoto kosa liko wapi. Ngojeni. Atakuwepo mmoja anayekalia kitu chini ya paja. Mwinueni polepole, siyo kama nilivyofanya mimi.

Talaso alipomaliza mwaka na kupata nafasi darasa la kwanza, baba yake alikuja kumchukua mara ya mwisho. Alikuwa amebeba mguu wa mbuzi uliofungwa vizuri. Karatasi ya juu kabisa niliitambua kabla hajafika karibu: ilikuwa na mama mweusi wa masizi, ameshika kata kwa kushoto. Alikuwa ameihifadhi tangu siku ile ya Kiamaiko.

Nilisimama kwenye ngazi ya ukumbi nikitazama atautoa ule mguu wa mbuzi kwa mkono gani. Ni ugonjwa wangu, siwezi kuacha. Akafika, akainama kidogo, akautoa kwa mikono yote miwili, kama mtu anavyompa anayemheshimu.

"Pokea, mwalimu. Kata hii ni yako."

Ili kupokea kwa miwili ilinibidi nikiangushe kiondo. Vifuniko vya soda vikamwagika ngazi nzima, watoto wakavirukia, na siku hiyo sikuvihesabu.